Uhuru na Swali la "Wewe wa Wapi?"

Katika miaka ya 1930, kijana wa Kimakonde aliyetoka kaskazini mwa Msumbiji kwenda kutafuta kibarua alikuwa na mengi ya kuhofia njiani: njaa, homa, simba, na nyapara atakayemkuta mbele. Mpaka haukuwamo. Aliuvuka Ruvuma kwa mtumbwi, akaikata Tanganyika hadi kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga, na kama Tanga hapakumfaa alisogea hadi Kwale, upande wa Kenya, kulikokuwa na mkonge na miwa. Mzungu mwenye shamba alimtazama mabega. Baba yake alizaliwa wapi, hilo halikumhusu.

Wajukuu wa vijana hao ndio walioulizwa. Walizaliwa Kwale, wakaoa na kuolewa Kwale, wakazika wazee wao Makongeni, lakini walipofikia umri wa kuchukua kitambulisho waliambiwa si Wakenya. Na bila kitambulisho mtu hasajili laini ya simu, hafungui akaunti benki, hapigi kura, na askari akimsimamisha barabarani hana la kumwonyesha. Oktoba 2016 mamia yao walianza safari ya miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kuonana na Rais. Uhuru Kenyatta akawaomba radhi, akaamuru wasajiliwe, na Desemba mwaka ule wakaanza kupewa vitambulisho, wakihesabiwa kabila la 43 la Kenya. Wapemba wa Kwale na Kilifi, wazao wa wavuvi waliofuata samaki kutoka kisiwani kwao, walingoja hadi 2023.

Tumezoea kusimuliwa kwamba balaa la mipaka ya Afrika lilianzia Berlin, kati ya Novemba 1884 na Februari 1885, wazungu walipokaa mezani na kugawana bara ambalo wengi wao hawakuwahi kulikanyaga. Ni kweli, ila ni nusu ya kisa. Mistari mingi ilichorwa baada ya mkutano ule, kwa mikataba ya wawili wawili. Mpaka wa Kenya na Tanzania, kwa mfano, ni kazi ya mikataba ya Waingereza na Wajerumani: ule wa 1886, na ule wa Julai 1890 walioukamilisha kwa kubadilishana hata kisiwa cha Heligoland kilichoko Ulaya. (Ile hadithi ya Malkia Victoria kumzawadia mjukuu wake Kaizari mlima Kilimanjaro ni tamu, lakini haina ukweli: mstari ulipopindishwa kuuzunguka mlima mwaka 1886, mjukuu huyo hakuwa Kaizari bado.) Mistari hiyo iliwapasua Wadigo, Wamasai na Wakuria. Hata hivyo, kwa mtu wa kawaida ilikuwa mistari ya kwenye ramani tu.

Mkoloni hakuwa na sababu ya kuwazuia watu mpakani. Alitaka mikono ya kazi, na mikono haikupatikana palipo na shamba. Mashamba ya mkonge ya Tanganyika yaliajiri manamba kutoka Msumbiji na Ruanda-Urundi. Reli ya Mombasa hadi Kisumu ilijengwa kati ya 1896 na 1901 kwa vibarua zaidi ya elfu thelathini waliotolewa India. Wabelgiji walikwenda mbali zaidi: kuanzia 1937 waliunda mpango rasmi wa kuwahamisha Wanyarwanda, familia kwa familia, kutoka kwao kulikojaa watu na kuwapeleka Masisi, Kivu ya Kaskazini, kwenye mashamba ya walowezi. Makumi ya maelfu walihamishwa hivyo hadi katikati ya miaka ya 1950. Ukaguzi ulikuwapo, tena mkali, lakini ulimfuata mtu kazini. Kenya, mwanamume Mwafrika alitembea na kipande chake ndani ya kikopo cha bati kilichoning'inia shingoni, chenye jina la mwajiri na siku aliyoacha kazi.

Uhuru ulipokuja, dola mpya zilihitaji kitu ambacho makoloni hayakukihitaji: raia. Na raia hawezi kuwako bila tarehe. Kenya iliweka yake 12 Desemba 1963. Aliyezaliwa Kenya, na angalau mzazi wake mmoja naye akawa amezaliwa Kenya, aliamka siku ile akiwa raia bila kuomba. Wengine walipewa miaka miwili ya kujiandikisha. Kwa Mkamba wa Machakos sharti hilo halikuwa na maana yoyote. Hakulisikia hata kutajwa. Kwa mtoto wa Mmakonde wa shambani, ambaye baba na mama walizaliwa ng'ambo ya Ruvuma na wala hawakujua kuna fomu ya kujaza, ndilo lililomfungia mlango hadi kwa wajukuu zake.

Wahindi walijua kuna fomu. Walichokosa ni uhakika. Wengi walishikilia pasipoti za Kiingereza wakisubiri waone mambo yataendaje, na mambo yakaenda kombo pande zote mbili. Kenya ilipitisha sheria za uhamiaji na leseni za biashara mwaka 1967 zilizowabana wasio raia. Walipoanza kupanda ndege kwenda London, Bunge la Uingereza lilipitisha kwa siku chache tu sheria ya Machi 1968 ya kuwazuia watu wenye pasipoti ya nchi hiyo hiyo. Miaka minne baadaye, Agosti 1972, Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90. Takriban 28,000 walipokewa Uingereza. Wengine walitawanyika Kanada, India na kwingineko.

Julai 1964 viongozi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walikutana Cairo na kuamua jambo ambalo linaishikilia ramani ya bara hili mpaka leo: kila nchi itaheshimu mipaka iliyoikuta siku ya uhuru. Aliyelipeleka pendekezo hilo ni Mwalimu Julius Nyerere. Si kwamba aliipenda mipaka hiyo. Hakuna aliyeicheka zaidi yake. Hesabu yake ilikuwa ya mtu aliyeona hatari. Ukimruhusu mmoja adai ndugu zake walioko ng'ambo, Waewe wa Ghana na Togo watadai, Wachewa wa Malawi, Zambia na Msumbiji watadai, na Wamasai watakuwa na haki ya kudai nchi mbili. Somalia na Moroko zilikataa. Wengine waliafiki.

Na kwa kipimo cha mapigano ya nchi kwa nchi, Cairo ilifanya kazi kuliko wengi walivyotarajia. Vita vya kugombea mpaka barani Afrika vimekuwa vichache. Vimoja tulivijua vizuri: mstari wa latitudo ya digrii moja kusini uliochorwa na wazungu uliacha kipande cha Tanganyika kaskazini mwa mto Kagera, na Oktoba 1978 Amin akakivamia akidai mpaka ni mto. Aprili 1979 jeshi la Tanzania na Waganda waliokuwa uhamishoni waliingia Kampala. Ziwa Nyasa nako, Tanzania na Malawi zimebishana tangu 1967 kama mpaka uko katikati ya maji au ufukweni, kama mkataba wa 1890 ulivyoandika, lakini wavuvi wa Mbamba Bay hawajapigwa mabomu kwa ajili yake.

Kosa la Cairo liko kwingine. Iliamua ardhi ni ya nani, ikanyamaza juu ya watu waliokuwa juu ya ardhi hiyo. Waliolipia ukimya huo ni wale ambao siku ya uhuru ilikuta hawako pale sheria ilipowatarajia wawe.

Kaskazini mwa Kenya swali liliulizwa hadharani, na jibu likajulikana. Uingereza ilikuwa imeifunga wilaya hiyo ya mpakani kwa sheria za 1926 na 1934: mtu wa Garissa, Wajir au Mandera alihitaji kibali kwenda Nairobi, na mtu wa Nairobi alihitaji kibali kwenda huko. Hakukuwa na barabara ya maana wala shule za kuhesabika. Upande wa pili, Somalia ilipopata uhuru mwaka 1960 ilipandisha bendera yenye nyota ya pembe tano, na kila pembe ilikuwa ya nchi ya Wasomali. Mbili ziliungana siku ile; tatu zilikuwa Djibouti, Ogaden, na hiyo wilaya ya Kenya. Mwaka 1962 Waingereza walituma tume ya watu wawili, Mnigeria na Mkanada, kusikiliza wananchi. Ilikuta kwamba Wasomali, karibu wote, wanataka kujiunga na Somalia. Machi 1963 London ikatangaza kwamba wilaya itabaki Kenya. Mogadishu ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza, na Wasomali wa Kenya wakasusia uchaguzi wa Mei.

Wiki mbili tu baada ya bendera ya Kenya kupandishwa, hali ya hatari ilitangazwa huko kaskazini. Vita vilivyofuata, ambavyo serikali iliviita vya shifta ili wapiganaji waonekane majambazi, vilidumu hadi 1967. Serikali mpya ilichukua mbinu ambazo Waingereza walizitumia dhidi ya Mau Mau: watu walikusanywa kwenye vijiji vyenye ulinzi, na mifugo iliyokutwa nje ilitwaliwa au kuuawa. Kwa mfugaji, hilo la pili lilikuwa zito kuliko risasi. Ngamia ndiye maziwa, mahari, mkokoteni na akiba ya mwaka wa ukame. Familia iliyokosa ngamia ilikwenda kukaa pembezoni mwa mji kusubiri posho. Oktoba 1967, Rais Kenneth Kaunda wa Zambia aliwakutanisha Kenya na Somalia mjini Arusha na mapigano yakasimama. Sheria za dharura hazikusimama. Ziliendelea kutumika huko kwa zaidi ya miaka ishirini. Februari 1984 wanaume walikusanywa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir, wakawekwa juani bila maji, na wengi wakauawa. Serikali ilitaja watu 57. Tume ya ukweli ya Kenya, kwenye ripoti yake ya 2013, iliona waliokufa wanakaribia elfu moja. Mwaka 1989 Wasomali wa Kenya waliamriwa kupita kwenye mchujo wa kuthibitisha uraia wao na kupewa kadi ya ziada ya rangi ya waridi, ambayo hakuna Mkenya mwingine aliyetakiwa kuwa nayo.

Pwani ya Kenya ilikuwa na swali lake, nalo lilipita bila risasi, pengine kwa bahati. Ukanda wa maili kumi toka baharini ulikuwa mali ya Sultani wa Zanzibar, Waingereza wakiukodi tangu 1895, na bendera yake nyekundu ilipepea juu ya Ngome ya Yesu, Mombasa. Uhuru ulipokaribia, watu wa chama cha Mwambao walitaka ukanda ule ujitawale au urudi kwa Sultani. Wamijikenda wengi hawakutaka kusikia habari za Sultani. Wao na mwanasiasa Ronald Ngala walitaka majimbo ndani ya Kenya. Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, walikubaliana: ukanda unakuwa wa Kenya, na mahakama za Kadhi zinabaki. Zimo kwenye katiba ya Kenya hadi leo. Miezi mitatu baadaye Mapinduzi ya Zanzibar yalimwondoa Sultani Jamshid, ambaye aliishia kuishi Uingereza miongo mingi. Hebu fikiri Mombasa ingekuwa wapi siku ile kama bendera nyekundu ingekuwa bado juu ya ngome. Wazanzibari wenye asili ya Oman waliokimbia walitawanyika Ghuba na Uingereza, na Sultan Qaboos wa Oman alipochukua nchi mwaka 1970 na kuhitaji waliosoma, aliwaita. Ndiyo maana Kiswahili kinasikika maofisini na sokoni Muscat.

Kisa kizito kuliko vyote, hata hivyo, kiko Maziwa Makuu.

Novemba 1959, zaidi ya miaka miwili na nusu kabla ya uhuru wake, Rwanda iliwaka. Wabelgiji waliokuwa wamewapendelea Watutsi kwa miongo, na kuandika kabila kwenye kitambulisho cha kila mtu, waligeuka na kuwaunga mkono viongozi wa Wahutu. Zaidi ya Watutsi laki moja walikimbilia Uganda, Burundi, Kongo na Tanganyika katika miaka michache iliyofuata. Wengi waliamini watarudi baada ya miezi. Baadhi walijaribu kurudi kwa silaha. Desemba 1963 walivuka kutoka Burundi, wakashindwa, na maelfu ya Watutsi waliobaki ndani wakauawa kwa kisasi.

Nchini Uganda walipewa makambi ya Nakivale, Oruchinga na kwingineko. Watoto walisoma, wakaongea Kinyankole na Kiganda, wakasahau njia ya kwao. Mwaka 1982 watu wa chama cha Rais Milton Obote waliwavamia Wanyarwanda wa Ankole, wakiwachanganya wakimbizi na waliokuwapo tangu kabla ya ukoloni, wakachoma nyumba na kuchukua ng'ombe. Vijana waliopona wakamfuata Yoweri Museveni msituni, na mwaka 1986 wakaingia naye Kampala. Fred Rwigyema, aliyebebwa akiwa mtoto kuvuka mpaka, alifikia kuwa naibu waziri wa ulinzi wa Uganda. Paul Kagame, aliyekulia kambini vilevile, alikuwa mkubwa katika usalama wa jeshi.

Lakini swali lilibaki pale pale. Rwanda ya Rais Habyarimana ilisema nchi imejaa, haina pa kuwaweka. Uganda nayo, Agosti 1990, ilikuwa inazozana juu ya ranchi za Mawogola, na ikaonekana wazi kwamba Mnyarwanda asiye raia hatapata ardhi pale, hata kama alimwaga damu kumweka rais madarakani. Tarehe 1 Oktoba 1990 Wanyarwanda hao wa jeshini walivuka Kagitumba kuingia Rwanda na silaha za jeshi la Uganda. Rwigyema alikufa siku ya pili. Vita walivyoanzisha ndivyo vilivyokuwa vikiendelea Aprili 1994, watawala wa Kigali walipoanza mauaji ya kimbari yaliyowaua Watutsi na Wahutu waliowapinga, watu zaidi ya laki nane ndani ya siku mia moja. Wakimbizi wa 1959 wakaingia Kigali. Wakimbizi wapya wakatoka. Mwisho wa Aprili, kwa muda wa saa ishirini na nne hivi, watu wanaokaribia robo milioni kwa makadirio ya wakati ule walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara, Tanzania. Zaidi ya milioni moja waliingia Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati ule, wakiwamo waliofanya mauaji.

Na Zaire nako kulikuwa na kesi ya uraia iliyokuwa haijaisha. Wale Wanyarwanda waliohamishwa na Wabelgiji kwenda Masisi, pamoja na waliokuwapo kabla yao, walipewa uraia kwa sheria ya 1972, iliyotambua walioingia Kongo kabla ya Januari 1960. Nyuma ya sheria ile alikuwapo Barthélémy Bisengimana, mkuu wa ofisi ya Mobutu, mwenye asili ya Rwanda mwenyewe. Bisengimana akapoteza nafasi yake, na mwaka 1981 sheria nyingine ikafuta ile ya kwanza: raia ni yule ambaye kabila lake lilikuwa ndani ya ardhi ya Kongo tangu Agosti 1885. Mwaka wa wagawanyaji wa Berlin, uliorudishwa na Waafrika ili kumpima Mwafrika mwenzao! Mtu aliyezaliwa Goma na kupiga kura Goma alilala raia, akaamka mgeni, na shamba lake likawa la kugombewa na jirani Mhunde au Mnyanga. Watu walianza kuuana Masisi mwaka 1993, kabla ya wakimbizi wa Rwanda kufika. Vita vya 1996 vilivyomwondoa Mobutu, na vile vya 1998 vilivyofuata, vilipata humo askari na sababu. Sheria ya 2004 ilisogeza tarehe hadi 30 Juni 1960, siku ya uhuru, lakini waasi wa M23 walipoiteka Goma Januari 2025 bado walijitangaza kuwa watetezi wa watu hao hao. Mtu anaweza, na anapaswa, kutilia shaka nia yao, na kutazama madini na mkono wa Kigali. Malalamiko yenyewe hayakubuniwa na M23.

Tanzania inapenda kujitaja kama kielelezo cha upande wa pili, na ina haki kwa kiasi. Warundi wapatao 150,000 waliokimbia mauaji ya 1972 walipewa ardhi Ulyankulu, Katumba na Mishamo, msituni kweli, na kwa mikono yao wakapageuza kuwa mashamba yanayolisha miji. Nyerere alipewa medali ya Nansen mwaka 1983 kwa sababu hiyo. Kisha ikaja hatua ambayo karibu hakuna serikali nyingine imewahi kuichukua kwa wingi ule: kuwapa uraia watu 162,000 hivi, vyeti vikigawiwa kuanzia 2014. Lakini ni Tanzania hiyo hiyo iliyowarudisha Wanyarwanda kwa nguvu mwishoni mwa 1996, na iliyoendesha Operesheni Kimbunga mwaka 2013 na kuwaondoa Kagera maelfu ya watu waliosemwa kuwa wahamiaji haramu. Baadhi yao walikuwa wameishi humo tangu wazazi wao walipokuwa vijana, na mabua ya mahindi yao waliyaacha shambani.

Tangu 2010 soko la pamoja la Afrika Mashariki limeahidi mtu na bidhaa vipite kwa urahisi. Kongo iliingia kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na Somalia, iliyokataa azimio la Cairo, sasa inakaa meza moja na Kenya. Huko Wajir, Februari 2025, Rais William Ruto alitia saini tangazo la kuondoa mchujo wa ziada ambao wakazi wa kaunti za mpakani walipitishwa kabla ya kupewa kitambulisho. Wenyeji walishangilia. Nairobi, wanasiasa kadhaa walilalamika siku hizo hizo kwamba mlango umefunguliwa kwa wageni.